Kifuniko Chekundu Hakivuki Geti

Shemeji yangu ananichosha. Nalisema mapema, nisije nikaambiwa baadaye kwamba namsengenya. Alimwoa mdogo wangu wa mwisho, tukasema haya, kipendacho roho hula nyama mbichi. Kisha wakamhamishia shule ninayofundisha mimi, wakampa somo la uraia na meza inayogusana na yangu. Tangu hapo sina pa kupumulia, kazini wala nyumbani. Nikigombana naye ofisini saa nne, jioni namkuta kwa mama yangu, amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, ananiuliza mbele ya watu, "Shemeji, bado umenuna?" Na mama anacheka. Mama yangu mzazi!

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Dadu kwa sababu hakosi dadu mfukoni. Akiwaza anazichezesha, akisikiliza anazichezesha. Kwenye kikao mwalimu mkuu anasoma taarifa, nyinyi mnasikia tu kata-kata-kata chini ya meza. Ni mtu mrefu, mwembamba, mashati yake yote yana gundi kwenye mikono, na ana tabia moja inayokera kuliko zote: hakasiriki. Unammwagia nyongo yako yote, unamaliza, naye anakwambia, "Hapo umesema neno," halafu anaandika kwenye daftari.

Mwaka juzi ndipo akaja na hili la michezo. Uraia, alisema, haufundishiki kwa kunakili ubaoni. Wanafunzi wa darasa la mwisho watatengeneza michezo yao wenyewe, ile ya kuchezea mezani, kwa maboksi na vifuniko vya soda, na kila mchezo uwe na jambo la mtaani ndani yake: taka, maji, foleni ya zahanati, lolote linalowauma.

"Mtoto ukimwambia habari za haki, mapumziko hayafiki ameshasahau," alinieleza. "Lakini mnyime zamu yake mchezoni uone. Atakusimulia mpaka azeeke."

"Silabasi inasema hivyo ukurasa wa ngapi?" nikamuuliza.

"Hapo umesema neno," akasema, akaandika. Nilitoka nje nikanawe uso.

Sasa nami nijieleze, maana bila hivyo hamtaelewa. Mimi nafundisha hesabu, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mwalimu wa nidhamu. Kufuli la geti ni langu. Ufunguo wake nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Watoto wananiita Bi Kufuli na wanadhani sijui. Nilipopokea kazi hii shule ilikuwa kama stendi, kila mtu anaingia saa anayotaka. Nikakaa chini, nikaandika sheria, nikaipigania kikaoni mpaka ikapita, nikatia saini, ikabandikwa. Kengele ya saa moja na nusu ikilia, geti linafungwa. Aliye nje atabaki nje mpaka mapumziko ya saa nne. Atakayefungiwa nje mara tatu katika muhula mmoja, jina lake linatoka kwenye orodha ya watahiniwa. Basi. Hakuna nilikuwa naumwa, hakuna saa yetu imekufa betri. Mwezi haukuisha watoto walikuwa wanakimbia barabarani kama wamefukuzwa na nyuki, na mimi nikitembea kifua mbele. Siwafichi, niliipenda sheria ile.

Turudi kwa shemeji. Mchezo wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Aliutengeneza mwenyewe uwe mfano. Umeokota taka, songa mbele hatua mbili. Umetupa ganda la ndizi, rudi nyuma tatu. Mwanafunzi mmoja alipiga miayo mpaka taya likalia. Walipoucheza mara ya pili hakuna aliyesoma kadi tena, walikuwa wanarusha dadu tu wamalize. Mimi nilikuwa mlangoni naangalia, nikafurahi moyoni, nikajua yameisha. Yaishe wapi! Mtu anakusanya kadi zake huku anatabasamu, anawaambia, "Toleo la kwanza siku zote ni bovu. Ndiyo kazi yake. Haya, limewakera wapi?" Wakamwambia. Walimwambia kwa vipindi viwili vizima, na kimoja kilikuwa changu cha hesabu.

Toleo lililofuata likawa la tangi la maji. Kila mchezaji achote, achangie, tangi likijaa wote washinde. Wajanja wakagundua siku hiyo hiyo kwamba asiyechota kabisa naye anashinda pamoja na wenzake, basi wote wakakaa kitako, tangi likabaki kavu, wakaanza kurushiana maneno. Shemeji alifurahi utadhani kapata mtoto. Jumapili akaubeba mchezo mpaka kwa mama. Mama akachota maji yote ya tangi, akayaweka upande wake, akagoma kuendelea. "Nyinyi watoto," akasema, "maji yakitoka unachota kwanza, maswali baadaye." Wakati huo mdogo wangu anapekua nyumba nzima anatafuta mfuniko wa sufuria yake kubwa. Kumbe mumewe kaupeleka shule, wanachorea duara. Aliponijia na malalamiko nilimwambia ukweli: wewe ndiye uliyemtaka, mdogo wangu, mimi alininyima usingizi tangu siku ya posa.

Lakini kilichonikera zaidi ni utaratibu wao wa majaribio. Kila Alhamisi mchana wanatafuta mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo, wanamweka mezani, halafu wale waliouunda wanasimama pembeni, vidole viwili midomoni, kimya. Mjaribu akiuliza, hajibiwi. Akikosea, hasahihishwi. Akitukana, wanaandika. Wanachoruhusiwa ni kumsogezea karatasi ya sheria, basi. Mchezo ukiisha, swali ni moja tu: "Ulikwama wapi?" Hawaruhusiwi kujitetea. Unasema umekwama wapi, wanaandika, wanakwenda kurekebisha, Alhamisi ijayo wanaanza upya na mtu mwingine. Na mnajua nani alishindwa kabisa kukaa kimya? Mwenye utaratibu mwenyewe! Alikuwa anaropoka, "Si hapo, geuza kadi, geuza!" mpaka watoto wakamtoa nje. Ikawa kila Alhamisi mwalimu mzima, baba wa watoto wawili, anachungulia kwenye nondo za dirisha huku mkono umeziba mdomo. Wapita njia wanaona. Nilikuwa nikipita upande ule naangalia chini.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana wanayemwita Ndoo. Mama yake anafua nguo za watu, na bomba la mtaani kwao linatoa maji alfajiri, tena siku linapojisikia. Kabla ya kuja shule lazima ajaze pipa, ndoo baada ya ndoo, maana pasipo maji mama hana kazi siku hiyo. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichokuwa nakijua ni kwamba yupo msichana anayefika mbio, bega moja la shati limelowa, na geti limeshafungwa. Hakuwahi kunibembeleza, na nadhani hilo nalo lilinikera. Anasimama ng'ambo ya nondo, anasema, "Shikamoo mwalimu," naitikia, "Marahaba," anakwenda kukaa kwenye jiwe mpaka saa nne. Muhula ule alifungiwa mara moja. Halafu mara mbili.

Ikaja Alhamisi yenyewe. Kesho yake, Ijumaa saa sita, orodha ya watahiniwa ilikuwa inapelekwa ofisi ya elimu, na ikishapelekwa haiongezwi jina. Asubuhi nikapiga kengele, nikafunga geti, nikageuka. Nyuma yangu nasikia viatu. Alikuwa Ndoo, amechelewa dakika nne, shati limelowa kutoka begani mpaka kiunoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Hakwenda kwenye jiwe. Alikuwa analiangalia kufuli. "Mwalimu, leo ni mara ya tatu," akasema.

"Najua kuhesabu," nikamwambia. "Ndilo somo langu."

Mungu anisamehe, nilijiona nimesema jambo la maana. Msichana akasimama kidogo, akafunga vizuri mkoba wake, akageuka akaenda zake. Kungoja saa nne kungemsaidia nini? Mimi nikaenda ofisini, nikaandika barua ya kumwondoa kwenye orodha, nikatia saini, nikaiweka mezani kwa mwalimu mkuu kabla chai haijapoa.

Mchana shemeji akaja kunisimamia mezani, dadu zinalia mfukoni.

"Shemeji, nimekwama. Leo kuna jaribio na sina mtu mzima wa kucheza. Mpishi kacheza, karani kacheza, mlinzi kacheza mara mbili kwa kujificha. Shule nzima umebaki wewe."

"Niite mwalimu tukiwa kazini."

"Mwalimu shemeji, nusu saa tu."

Nilikubali, na nitawaambia kwa nini, msije mkanipa sifa nisizostahili. Nilitaka kuandika taarifa ya kuisimamisha ile michezo moja kwa moja, na kwa taarifa unahitaji ushahidi. Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikaenda.

Darasani wakaniketisha kwenye meza ya mbele pamoja na wanafunzi watatu wa darasa la chini, nao hawajawahi kuuona mchezo. Mezani pana boksi limekunjuliwa, limechorwa njia kwa rangi, kutoka nyumbani mpaka kwenye chumba cha mtihani. Wenyewe wakajipanga ukutani, vidole midomoni. Dirishani nikaliona doa la gundi kwenye mkono wa shati, nikajua yupo. Vifuniko vinne vya soda vilikuwa vimepakwa rangi. Nikachukua chekundu kwa sababu kilikuwa karibu.

Kila mzunguko ni siku moja. Kila mchezaji anarusha dadu moja mara tatu, halafu kengele inalia, na geti liko hatua ya nane kutoka nyumbani. Wenzangu wakarusha, wakahesabu, wakaingia. Zamu yangu nikageuza kadi ya kifuniko chekundu: "Jaza pipa kwanza. Rusho mbili za mwanzo ni za maji." Haya. Nikarusha mbili za maji. Ya tatu nikapata sita. Sita! Nikasogeza kifuniko kwa madaha, moja, mbili, tatu, mpaka sita. Kengele. Mwanafunzi mdogo akageuza kadi ya geti: "Uko nje." Nikasema haya, bahati mbaya, mchezo ni mchezo, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Siku ya pili nikarusha maji, nikarusha maji, nikapata tano. Nje. Wale wadogo wameshafika nusu ya njia, wanacheka, mmoja ananiambia, "Pole mwalimu." Hapo kichwa cha hesabu kikaamka. Nikahesabu zile hatua kwa kidole, nikahesabu tena.

"Ngojeni," nikasema. "Geti liko hatua ya nane. Huyu wangu ana rusho moja tu ya kutembea. Dadu inaishia sita. Nane mtu ataitoa wapi?"

Kalamu zikaanza kuandika.

"Nauliza! Hata nikipata sita kila siku mpaka nizeeke, sifiki! Huyu mchezaji ameshindwa kabla hajaanza!"

Wanaandika tu. Siku ya tatu nikarusha kwa hasira, dadu ikaanguka sakafuni, wakaiokota, sita tena. Kadi ya geti ikageuzwa mara ya tatu: "Umefungiwa mara tatu. Jina lako limetoka kwenye orodha. Ondoa kifuniko mezani." Nikapiga meza, vifuniko vikaruka.

"Nimefanya kosa gani?" Nilikuwa nimeshasimama. "Nimepata sita, tano, sita! Hawa wengine wamepata tatu-tatu wanapita! Nani ametunga upuuzi huu? Alikaa akapiga hesabu kweli, au alikuwa anaota? Amewahi kubeba hata kikombe cha maji huyu? Nataka kuiona hiyo sheria, mimi nataka kuiona!"

Msichana mmoja mwenye daftari akatoa kidole mdomoni, akanisogezea karatasi, akarudisha kidole.

Ilikuwa nakala ya tangazo la getini. Kengele ya saa moja na nusu ikilia. Aliye nje atabaki nje. Mara tatu katika muhula mmoja. Walikuwa hawajabadilisha hata nukta. Na chini kabisa, ile saini ndefu yenye mkia, ambayo nilijifunza kuiandika nikiwa msichana na nikaionea fahari maisha yangu yote.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hii nimewafundisha watoto wa watu, na sikuwahi kufikiri itakuja kunichoma mimi. Nilikaa. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka, ningepata wa kumgombeza.

"Ulikwama wapi, mwalimu?" akauliza yule mwenye daftari, kwa adabu, kama utaratibu unavyosema.

Badala ya jibu nikauliza mimi: "Hiki kifuniko chekundu nani alikiunda?"

"Ndoo, mwalimu. Sisi tulidhani ni kosa, tukataka kulisogeza geti liwe hatua ya sita. Akakataa. Tukataka kumwongezea rusho, akakataa. Alisema geti halisogei, na yeye hajawahi kuongezewa."

"Yuko wapi?"

Wakaangaliana. "Umemfungia nje asubuhi, mwalimu."

Niligeuka dirishani nimwone shemeji anavyofurahi, nimtukane yeye walau. Hakuwa anafurahi. Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, mdomo wazi bila kitu cha kuuziba, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe mdogo wangu dadu zilikuwa zimetulia mfukoni.

Nikatoka pale mbio mpaka kwa mwalimu mkuu. Barua yangu ilikuwa bado mezani, juu kabisa, imeshapigwa muhuri.

"Naomba hiyo barua," nikasema.

"Ya nini? Imekamilika."

"Ni mbovu. Sheria yenyewe mbovu."

Mwalimu mkuu akavua miwani. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo nilimwona anavimba. "Mwalimu, sheria hii ni yako. Miaka tisa unanipigia kelele nisiiguse. Mwaka jana nilitaka kumsamehe mtoto mmoja, ukaninunia muhula mzima. Leo unataka niichane kwa sababu gani, umeota?"

"Nimecheza mchezo."

"Umecheza nini?"

Nikamweleza, nane na sita, mpaka nikamchorea. Aliniangalia kama anayepima homa kwa macho. Mwisho akasema hawezi kutangua sheria kwa huruma, kesho wazazi wa waliotolewa zamani watamjia juu. "Niletee sheria nyingine inayosimama, kabla sijafunga ofisi. Ukishindwa, barua inakwenda na orodha."

Ilikuwa saa nane na nusu, na ofisi inafungwa saa kumi. Nikakaa mezani kwangu, nikaandika kwa herufi nzuri: anayechelewa alete barua ya mzazi. Shemeji, aliyekwisha kurudi ofisini, akaisoma juu ya bega langu.

"Shemeji," akasema, "toleo la kwanza siku zote..."

"Malizia hiyo sentensi uone."

Hakuimalizia. Akaniambia tu darasa bado halijatawanyika. Nikaenda, ningefanyaje? Wakaiweka sheria yangu mpya kwenye boksi, wakacheza, mimi safari hii nimesimama ukutani na vidole viwili mdomoni. Dakika tano hazikufika wakawa wameandika barua sita za wazazi, moja ina saini kama yangu hasa, mkia na yote. Nikaichana. Nikaandika geti lifungwe saa mbili badala ya saa moja na nusu. Wakacheza, vifuniko vyote vikaanza kuzurura njiani, na chekundu kikafungiwa nje saa mbili kama kilivyofungiwa saa moja na nusu. Nikaichana. Nikaandika wachota maji wasamehewe. Ghafla kila mtoto mezani mama yake ni mfua nguo!

"Nyinyi ni wezi!" nikafoka. "Mimi natafuta namna ya kuwasaidia, nyinyi mnatafuta mlango wa uani!"

"Ndiyo kazi yetu, mwalimu," akasema mmoja. "Tukiuacha leo, tutaupata kesho."

Jasho lilinitoka. Ilishatimia saa tisa na dakika arobaini. Nilikuwa natunga mtego, wao wanauruka, natunga mwingine, wanauruka, na kila mtego yule wa kifuniko chekundu ndiye anayenaswa. Nikachoka. Kwa uchovu nikasema bila hata kuandika, "Basi liacheni geti wazi, potelea mbali! Anayechelewa aingie!"

"Halafu?" wakauliza.

"Halafu aseme kwa nini kachelewa, iandikwe."

"Akidanganya?"

"Mtu aende kwao akaangalie."

"Nani?"

Darasa zima liliinua vidole viwili, likaviweka midomoni. Hata yule wa dirishani.

"Yaani mimi ndiye nitakayezunguka mitaani kwa miguu?" nikasema. "Na magoti haya?"

Wakacheza hiyo, mara tatu. Ilikuwa na matundu, mdanganyifu mmoja alipenya mara mbili kabla hajafuatwa nyumbani, lakini chekundu kiliingia. Kiliingia cha mwisho, kimechelewa vibaya, ila kiliingia na kikafika chumba cha mtihani. Nikainyakua karatasi, nikakimbia nayo.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshashika funguo. Alisoma mara mbili. "Na ikionekana mbovu?"

"Tutairekebisha Alhamisi," nikamjibu, nikashtuka, maana hayo yalikuwa maneno ya shemeji yakitoka kinywani mwangu. Mwalimu mkuu akatia saini, akaichana ile barua vipande vinne, akaniambia kazi ya kwanza ya sheria mpya inanisubiri.

Kwa hiyo nikaenda. Shemeji alitaka kunisindikiza, nikamkataza, akanisindikiza. Tulitembea mpaka kwenye kichochoro, hapo nikamwambia abaki. Nilipita nguo za watu zimeanikwa pande zote mbili, mashuka na sare za kazi, zinanidondokea kichwani. Mwisho wa kichochoro palikuwa na ua mdogo, pipa la bluu, na mama mmoja ameinama kwenye beseni. Ndoo alikuwa kwenye beseni la pili, mikono imezama povuni mpaka viwikoni. Sare yake ya shule ilikuwa imeshafuliwa, imetundikwa kamba ya mwisho peke yake.

Aliponiona akasimama. "Shikamoo mwalimu. Najua. Nimeshamwambia mama."

"Marahaba. Hujui kitu," nikasema, na sauti ikatoka ya ukali kuliko nilivyotaka, sina nyingine. "Jina lako lipo kwenye orodha. Barua imechanwa. Kesho ukichelewa utaingia, na keshokutwa utaingia."

Mama yake akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa nguo ya mtu iliyolowa. Mimi nikawa sijui niangalie wapi, nikaliangalia pipa. Lilikuwa linanifika kifuani. Pembeni yake pana ndoo moja tu, ya plastiki, mpini wake umefungwa kwa kamba. Nikajaribu kuhesabu amekwenda safari ngapi, nikashindwa kumaliza.

"Nimecheza mchezo wenu leo," nikamwambia.

Uso wake ukabadilika. Habari ya jina ilikuwa haijambadilisha hivyo. "Ulichukua kifuniko kipi?"

"Chekundu."

Akafuta mikono kwenye sketi, akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu. Akasimama mbele yangu, povu bado viwikoni, akaniuliza lile swali ambalo mchana sikulijibu.

"Ulikwama wapi, mwalimu?"

"Getini, mwanangu," nikasema. "Siku zote tatu."

Akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, tarehe na yote.

"Kila mtu anakwama hapo," akasema. "Wenzangu walidhani ni kosa la mchezo."